Kabla ya Kugusa Skrubu

Pikipiki ya safari haiuawi na safari. Mashine iliyoundwa kubeba watu wawili na mizigo yao kutoka nchi moja hadi nyingine huvumilia joto, mvua na barabara mbovu miaka nenda miaka rudi. Kinachoiumiza ni kuegeshwa. Petroli iliyolala ndani ya kabureta hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zinazopaa na kwenda zake. Zilizobaki huungana na oksijeni ya hewani, zikawa utomvu wa rangi ya kahawia unaong'ang'ania shaba na kuziba vitundu ambavyo jicho huviona kwa taabu. Mwenyewe anarudi baada ya msimu mzima, anavuta choki, injini inakohoa, inawaka upande mmoja, inazimika. Anainama, anaona skrubu, anachukua bisibisi.

Hapo ndipo ningependa kumshika mkono. Katika miaka niliyotunza pikipiki za aina hii nimefikia imani moja ambayo huzidi kukaza kila ninapofungua kabureta: skrubu ya kurekebisha ndiyo ya mwisho kuguswa, na sehemu kubwa ya uharibifu ninaoukuta ndani ya kabureta kuukuu imeletwa na mtu aliyeigusa ya kwanza.

Mashine ninayoifikiria ninapoandika haya ni BMW R100RT. Ilitoka mwaka 1978, miaka miwili baada ya ndugu yake R100RS, ikatengenezwa katika kiwanda cha Spandau, Berlin. Ina kioo na ngao pana mbele za kumkinga dereva na upepo na mvua, na chini yake injini ya ujazo wa sentimita 980 yenye silinda mbili zilizolala, moja kulia na nyingine kushoto, kwa mpango uleule ambao mhandisi Max Friz aliuchora kwa ajili ya pikipiki ya kwanza ya BMW, R32, mwaka 1923. Kila silinda ina kabureta yake ya Bing yenye mdomo wa milimita 40. Kabureta hizo zinaning'inia nje, peupe, karibu na muundi wa dereva. Huhitaji kutoa tangi wala kiti kuzifikia. Bakuli la petroli lililo chini ya kila moja limeshikwa na klipu ya waya tu: unaisukuma kwa kidole, bakuli linashuka mkononi likiwa na mafuta yake.

Nimeitazama klipu hiyo mara nyingi kwa shukrani. Aliyeibuni alijua kwamba siku moja mwenye pikipiki atapiga magoti kando ya barabara, mbali na karakana, akiwa na vifaa vichache, na akaamua kwamba mlango wa chumba hicho usihitaji spana. Ni heshima aliyopewa mtumiaji na mtu asiyemfahamu.

Si kila pikipiki ya safari ina ukarimu huo. Honda Gold Wing ya mwaka 1975, ile ya ujazo wa sentimita 999 iliyowafungulia wengi barabara ndefu za Marekani, ina silinda nne na kabureta nne za Keihin zilizofungwa pamoja katikati ya mashine. Hizo hutoka zote kwa pamoja, na kuzirudisha bila kubana bomba au kuacha upenyo wa hewa ni kazi ya siku nzima. Lakini ndani, iwe Bing au Keihin, kanuni ni moja.

Hewa ikipita mahali pembamba huongeza kasi, na shinikizo lake hupungua. Daniel Bernoulli aliliandika jambo hilo mwaka 1738 akizungumzia maji, na Giovanni Battista Venturi akaonyesha mwaka 1797 kinachotokea bomba linapobanwa katikati. Kabureta ni bomba la namna hiyo. Pistoni inavuta hewa, hewa inakimbia kwenye koo la kabureta, shinikizo linashuka, na petroli iliyo kwenye bakuli inapanda kupitia vitundu na kutawanyika katika matone madogo, sawa na chupa ya manukato inapopulizwa. Ili petroli iungue yote, kila kilo moja inataka takriban kilo 14.7 za hewa. Ukibadilisha hesabu hiyo kuwa lita, lita moja ya petroli inahitaji kama lita 9,000 za hewa pale usawa wa bahari. Tunasema pikipiki inakunywa mafuta. Ukweli ni kwamba kwa kiasi kikubwa inakunywa upepo, na mafuta ni kionjo.

Koo hilo haliwezi kulishwa na tundu moja kwa mwendo wote. Injini inaponguruma taratibu kwenye foleni, hewa inayopita ni kidogo mno kuweza kuvuta petroli kupitia jeti kubwa, yaani kipande chenye kitundu kikuu cha petroli, kwa hiyo kuna jeti ndogo ya mzunguko wa chini. Mkono wa mafuta ukivutwa kidogo, kazi inahamia kwenye sindano iliyochongoka inayopanda na kushuka ndani ya tundu lake. Ukivutwa mpaka mwisho, jeti kuu ndiyo inayotawala. Mlo mmoja una wapishi watatu wanaopokezana, na mpokezano wao ukiwa mzuri dereva hausikii.

Mpangilio huu ndio unaomsaidia fundi mwenye subira. Pikipiki inayokwenda vizuri barabara kuu lakini inazimika kila inaposimama kwenye taa imekwisha kukuambia anwani ya tatizo: jeti ya mzunguko wa chini, au vijia vyake. Ile inayotulia vizuri ikiwa imesimama lakini inakosa nguvu kwenye mlima mafuta yakiwa yamevutwa yote inakupeleka kwenye jeti kuu, au kwenye bomba linaloleta petroli kutoka tangini. Ile inayokunywa petroli kupita desturi bila kulalamika kwa lolote mara nyingi ina sindano iliyokwangua tundu lake kwa maelfu ya kilomita, tundu likapanuka bila mtu kuligusa. Kabla ya kufungua chochote, kuna swali la kujiuliza: inakosea wapi katika mwendo wake? Anayejiuliza hivyo huokoa nusu ya kazi.

Sasa tufungue. Kwenye bakuli la Bing, pembeni, kuna kichumba kidogo ambacho wengi hawakitazami. Kinapata petroli kupitia kitundu kimoja kilicho chini kabisa, na kutoka humo ndimo kabureta huchota mafuta ya ziada pale choki inapovutwa asubuhi ya baridi. Kwa kuwa kiko chini, uchafu wote unaoshuka kutoka tangini hulala hapo: unga wa kutu, nyuzi za mpira uliochoka, tone la maji. Kitundu kikiziba, pikipiki inakataa kuwaka ikiwa baridi, na ikishapata moto inakwenda kana kwamba haijawahi kuugua. Nimewaona watu wakinunua betri mpya, plagi mpya na koili mpya kwa ajili ya kitundu hicho. Dawa yake ni petroli safi na pumzi ya kompresa.

Kisha jeti ya mzunguko wa chini. Ni kipande cha shaba kinachotosha kwenye ncha ya kidole, na tundu lake lina kipenyo cha sehemu ya milimita tu. Jeti iliyopigwa namba 45 ina tundu la milimita 0.45. Iinue kwenye mwanga. Ikiwa safi, unaona duara jeupe lenye kingo kali. Ikiwa na utomvu, duara linakuwa jembamba, lenye umbo la mwezi mchanga, au halionekani kabisa. Kishawishi ni kuchukua waya na kuchokonoa. Usifanye hivyo. Shaba ni laini kuliko chuma, na mkwaruzo mmoja unabadilisha kipimo ambacho kiwanda kilikitoboa kwa uangalifu mkubwa. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia, ipulize, na kama bado haikubali, pitisha uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki. Kama utomvu umegoma kabisa, nunua nyingine. Kusafisha ni kuondoa kilichoingia, bila kuondoa hata chembe ya kilichokuwepo.

Maboya nayo yana hadithi yake. Kazi yao ni kuelea na kufunga mlango wa petroli bakuli likishajaa, nayo ndiyo huamua petroli isimame kimo gani chini ya jeti. Maboya yaliyozeeka hunywa mafuta kidogo kidogo, yakawa mazito na kuzama chini ya kimo chake. Mlango hauzibi kwa wakati, petroli inapanda, na mchanganyiko wote kuanzia chini hadi juu unakuwa mzito. Hakuna skrubu ya nje inayoponya hilo. Utando wa mpira ulio juu ya kabureta ni vivyo hivyo. Kwenye kabureta hizi dereva anapovuta mkono wa mafuta hafungui moja kwa moja njia ya petroli. Anafungua kibati cha kupitisha hewa tu, na mvuto wa injini yenyewe ndio unaoinua sindano kupitia utando huo. Dereva anaomba, injini inajitwalia kiasi inachokiweza. Utando ukiwa na tundu la ukubwa wa ncha ya pini, ombi halifiki lote, na upande huo wa injini unakuwa mvivu. Uinue kwenye jua, uuvute taratibu kwa vidole, utazame kila mkunjo.

Hata hayo yakiisha, skrubu bado inasubiri. Kwanza valvu: kwenye injini hizi, kuanzia modeli za mwaka 1976, nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.10 na ya kutoa ni 0.20, injini ikiwa baridi. Kisha moto wa plagi na majira yake. Kisha viungio vya mpira kati ya kabureta na silinda, maana hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma huharibu hesabu yote. Chujio la hewa. Nyaya za mafuta, zisikwame. Ndipo upande pikipiki, uende nayo mpaka injini ipate joto lake la kweli. Kabureta iliyorekebishwa injini ikiwa baridi imerekebishwa kwa ajili ya injini nyingine.

Baada ya hapo kugusa skrubu ni raha. Ya mchanganyiko unaifunga mpaka ikae taratibu, bila kukaza, unaifungua kiasi kinachoelekezwa na kitabu cha modeli yako, kisha unasikiliza. Unafungua robo, injini inachangamka. Unafungua robo nyingine, inaanza kuwa nzito. Unarudi pale ilipochangamka zaidi. Upande wa pili vivyo hivyo. Halafu unazipatanisha. Chombo cha kupatanisha si lazima kiwe cha bei: mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, wenye mafuta kidogo ya injini, ukiunganishwa kwenye tundu la mvuto la kila kabureta, unatosha. Mafuta yale hukimbilia upande unaovuta kwa nguvu zaidi, yaani upande ambao kibati chake kimefungwa zaidi. Unafungua huku kidogo, unafunga kule kidogo, mpaka yanasimama katikati. Kisha nyaya: ukianza kuvuta mkono wa mafuta, kabureta zote mbili ziamke kwa pamoja, asitangulie mmoja. Fanya haraka, au weka feni mbele, kwa sababu injini hii inapozwa na upepo, na ikisimama bila upepo inachemka na kukudanganya.

Katika upatanisho huo nimejifunza jambo lililonichukua muda kulikubali. Silinda mbili hazilinganishwi na kipimo kilicho mbinguni. Zinalinganishwa moja na nyingine. Kila moja ikirekebishwa peke yake mpaka iwe nzuri kabisa, bado zinaweza kuvutana, na mvutano huo unasikika kwenye mikono ya dereva na kwenye goti la abiria kwa kilomita mia tano. Wakati mwingine upande ulio bora unatakiwa kurudi nyuma kidogo ili mwenzake aufikie. Hapotezi kitu kwa kurudi, maana nguvu aliyokuwa nayo peke yake ilikuwa ikiishia kwenye mtikisiko.

Kuna hali moja inayoonekana kuwa kasoro na si kasoro, nayo inataka busara. Wasafiri wanaoshuka na pikipiki hizi kutoka Ulaya kuelekea Cape Town hupita Moyale, Marsabit, wakafika Nairobi, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Hewa huko ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya sita ukilinganisha na ya Mombasa. Kabureta iliyopatana vizuri huko Hamburg hapa inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi zinakuwa nyeusi, mlo wa mafuta unaongezeka, injini inakosa wepesi. Hakuna uchafu wa kusafisha. Mahali ndipo palipobadilika. Anayepita tu na kushuka wiki ijayo kuelekea pwani aiache kama ilivyo. Anayekusudia kuishi nyanda za juu ashushe sindano kwa ngazi moja, au aweke jeti ndogo zaidi. Hii ndiyo kazi halali ya marekebisho: kumlinganisha mgeni na hewa ya mahali. Lakini mtu atajuaje kuwa tatizo ni mahali na si utomvu, kama hakusafisha kwanza? Usafi ndio unaompa haki ya kusema kwa uhakika kwamba kilichobaki ni mwinuko.

Anayeruka hatua hiyo namwelewa. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, utamwona fundi akipandisha skrubu ya mzunguko kwa sababu pikipiki inazimika ikisimama. Mteja yuko mbioni, hesabu ya bosi inamsubiri jioni, na nusu saa ya kufungua kabureta ni abiria wawili waliopotea. Pikipiki inaondoka ikinguruma juu. Jeti bado imeziba. Kesho itatafuna mafuta zaidi, keshokutwa itagoma kupunguza mwendo, na fundi mwingine atagusa skrubu nyingine kusahihisha kosa la kwanza. Mwezi ukiisha, hakuna hata kipimo kimoja kilichobaki pake, na tatizo la asili limefunikwa na matatizo matatu ya kutengenezwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Skrubu iliyoguswa mapema ni namna ya kuficha maradhi, na aliyefichwa zaidi ni yule anayeilipia petroli kila siku.

Tunaishi vivyo hivyo mahali pengi. Kamati ikishindwa kukutana, tunabadilisha katiba yake. Mtoto akifeli, tunabadilisha shule. Wenye nyumba wawili wakinuniana, wanahamisha fanicha. Marekebisho yana mvuto kwa sababu yanaonekana, yanachukua dakika, na yanatupa hisia ya kuwa tumefanya kitu. Kusafisha kunachafua mikono, kunatudai tufungue, tutazame kwenye mwanga, na tukubali kuona kilichokuwa kikikusanyika tulipokuwa hatupo. Tena mara nyingi, tukishasafisha, tunagundua kwamba kipimo cha zamani kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kabureta imeondoka kwenye pikipiki mpya za safari. BMW yenyewe ilileta K100 yenye mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta mwaka 1983, ingawa injini zake za silinda zilizolala ziliendelea na kabureta hadi katikati ya miaka ya 1990. Gold Wing kubwa iliaga kabureta na modeli ya GL1800 ya mwaka 2001. Sina kinyongo na mifumo hiyo. Inatoa moshi safi zaidi, inawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, na inaupokea mlima wa Limuru bila dereva kujua kwamba hewa imepungua. Kihisi cha oksijeni kinapima moshi, kompyuta inasahihisha. Ila inasahihisha pia uchafu. Bomba la petroli likianza kuziba, kompyuta inaongeza muda wa kupuliza na kunyamaza, mpaka siku itakapofika mwisho wa uwezo wake. Kabureta haina uwezo huo wa kunyamaza. Chembe moja ya kutu ikiingia, inakuambia jioni hiyohiyo.

Kwa hiyo kijana anayetaka kujifunza ufundi ningempa kabureta kuukuu kabla ya kumpa mashine ya kusoma kompyuta. Ningemwomba aifungue, aisafishe, aipange kama ilivyokuwa, na asiguse skrubu hata moja mpaka aweze kunieleza kila tundu linakwenda wapi. Akifika hapo atakuwa amejua kutenganisha kilichoharibika na kilichochafuka, na kilichochafuka na kilichohamia mahali pageni. Bisibisi nitampa siku hiyo, na sitakuwa na haja ya kusimama nyuma yake.